Nyuki Peke Yake Hatoshi

Mwaka 1848 miche minne ya mchikichi ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java. Kutokana na miche hiyo na mingine iliyofuata, mti uliozaliwa Afrika ulienea Asia ya Kusini-Mashariki hadi ukawa nguzo ya mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia. Lakini Malaysia kulikuwa na tatizo lililowasumbua wenye mashamba kwa miaka mingi. Michikichi ilichanua vizuri, ila mikungu yake, hasa ya miti michanga, ilikuwa na chikichi haba. Kwa kuwa iliaminika kwamba mti huu huchavushwa na upepo, dawa ikawa kuajiri vibarua. Walipita mti kwa mti wakinyunyiza kwenye maua ya kike unga wa chavua uliokusanywa kutoka maua ya kiume.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Rahman Syed, mtaalamu wa wadudu kutoka Pakistan, alikwenda Kameruni kuuliza swali ambalo wengi walikuwa wamelipita: huko kwao, mchikichi husaidiwa na nani? Alikuta maua ya kiume yamejaa fukusi wadogo wenye urefu wa milimita chache, wakila na kutaga humo. Ua la kike linapofunguka hutoa harufu inayofanana na ya dume, fukusi hao wakavutwa kwenda huko wakiwa wamepakaa chavua mwili mzima. Februari 1981 waliachiliwa katika shamba moja la Malaysia. Walizaliana upesi, wakasambaa, mikungu ikajaa, na kazi ya kuchavusha kwa mkono ikakoma.

Mawese yanayopikiwa Kigoma, Bujumbura na Uvira hutokana na mti huohuo. Mti ulivushwa bahari, mdudu wake akaachwa, na ikachukua zaidi ya miaka 100 kutambua kilichokosekana. Mambo mawili yanajitokeza hapa, na ndiyo yanayotawala suala zima la uchavushaji. Kwanza, mmea unaweza kustawi machoni pa mkulima, ukawa na majani mabichi na maua tele, huku umepungukiwa na jambo moja linalouwezesha kuzaa. Pili, mnyama anayeshikilia uzazi wake mara nyingi hafugwi na mtu yeyote, na huenda hata jina la kawaida hana.

Chanzo cha utegemezi huu ni kwamba mmea hautembei. Ili upate mbegu, chembe za chavua kutoka sehemu ya kiume ya ua lazima zifike kwenye stigma, sehemu ya kike ya ua la aina ileile. Rudolf Camerarius wa Tübingen, Ujerumani, alionyesha mwaka 1694 kwamba mimea ina jinsia ya kiume na ya kike. Ilipita karibu karne nzima kabla Christian Konrad Sprengel, mwaka 1793, hajaeleza kwa kina kwamba rangi, michoro na utamu wa maua vipo kwa ajili ya wadudu. Wenzake hawakumjali. Charles Darwin ndiye aliyekuja kumpa heshima yake baadaye.

Mmea ungeweza kujichavusha wenyewe, na baadhi hufanya hivyo, ila uzazi wa ndani kwa ndani hudhoofisha vizazi. Ungeweza pia kuutumia upepo, lakini upepo hauchagui pa kwenda. Mmea mmoja wa mahindi humwaga mamilioni ya chembe za chavua ili chache tu zikutane na hariri za gunzi. Mnyama ana faida kubwa kuliko upepo, kwa sababu akishaonja ua moja hutafuta linalofanana nalo. Kwa huduma hiyo hulipwa mbochi, au chavua yenyewe ambayo ina protini nyingi, au mahali pa kutagia. Wengine hawalipwi kitu. Wanadanganywa.

Jeff Ollerton na wenzake walipokusanya takwimu za dunia nzima mwaka 2011, walikadiria kwamba mimea 87 au 88 katika kila 100 inayotoa maua huchavushwa na wanyama, yaani spishi zipatazo 308,000. Kwa upande wa mazao, uchunguzi wa mwaka 2007 ulioongozwa na Alexandra-Maria Klein ulionyesha kwamba kati ya mazao 115 yanayoongoza duniani, 87 hunufaika kwa namna fulani na wachavushaji. Hata hivyo mazao hayo yanatoa takriban asilimia 35 tu ya uzito wa mavuno yote, kwa sababu mchele, ngano na mahindi havihitaji mdudu.

Takwimu hizo mbili husomwa vibaya mara kwa mara. Wapo wanaotangaza kwamba nyuki wakitoweka binadamu atakufa njaa, na wapo wanaojibu kwamba ugali utaendelea kuwepo, kwa hiyo hakuna la kuhofia. Pande zote mbili zinakosea. Ugali utakuwepo, ni kweli. Ndizi za Bukoba nazo zitakuwepo, kwa kuwa mgomba wa kulimwa huzaa bila kuchavushwa, ndiyo maana ndizi hazina mbegu. Kitakachopungua ni vile vinavyouzunguka ugali: matunda, mboga za aina ya maboga na matango, mbegu za mafuta, na pamoja navyo sehemu kubwa ya vitamini A na C katika mlo. Tumbo linaweza kushiba na mwili ukabaki na upungufu. Jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, lilikadiria mwaka 2016 kwamba mavuno yanayotokana moja kwa moja na kazi ya wachavushaji yana thamani ya kati ya dola bilioni 235 na 577 za Marekani kwa mwaka. Upana wa makadirio hayo peke yake unaonyesha jinsi ilivyo vigumu kumpigia hesabu mfanyakazi ambaye hajawahi kudai ujira.

Tena utegemezi wenyewe una viwango, na hapo ndipo mambo yanapovutia. Kahawa ya arabika, inayolimwa Kilimanjaro, hujichavusha. Mkulima asiye na nyuki hata mmoja bado atavuna. Lakini utafiti uliofanywa kwenye miteremko ya mlima huo na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba maua yaliyotembelewa na nyuki yalitoa matunda mazito zaidi kwa takriban asilimia 7. Robusta ya Kagera ni tofauti kabisa, kwani mbuni wake hauwezi kujitungisha kwa chavua yake wenyewe na lazima upate ya mbuni mwingine, iletwe na upepo au wadudu. Kwa hiyo mazao mawili yanayoitwa kahawa, yanayouzwa na nchi moja, yana mahitaji mawili tofauti.

Tikiti maji linadai zaidi. Lina maua ya kiume na ya kike mbalimbali kwenye mche mmoja, na kila ua hufunguka asubuhi moja tu. Nyuki wasipolitembelea ua la kike mara nyingi vya kutosha katika saa hizo chache, tunda hupukutika likiwa changa au hukua limepinda, upande mmoja umejaa na mwingine umesinyaa. Wengi hulaumu mbegu au mbolea. Mara nyingi tatizo lilitokea asubuhi moja, majuma mengi kabla ya mavuno, pengine saa ileile ambapo dawa ilikuwa ikipigwa shambani.

Halafu kuna mpapai. Kila mkulima wa papai anajua kwamba ipo mipapai dume na mipapai jike, na wengi huikata midume wakiona haina faida, wakaacha michache au wasiache kabisa. Asiyeonekana katika hesabu hiyo ni nondo. Katika Bonde la Kerio, Kenya, Dino Martins na Steven Johnson walibaini kwamba papai huchavushwa hasa na nondo wakubwa wanaoruka kwa kasi jioni na usiku, wakielea mbele ya ua huku wakinyonya kwa ulimi mrefu. Maua ya kiume yana mbochi. Maua ya kike hayana kitu, ila yanafanana na ya kiume kwa weupe na harufu kiasi cha nondo kukosea na kuyajaribu, na kosa hilo ndilo linalotunga tunda. Udanganyifu wa namna hii hufanikiwa tu pale nondo wanapokuwa wengi, na nondo huwa wengi pale penye vichaka vya asili, kwa sababu viwavi wao hula majani ya mimea ya porini. Shamba lililo mbali na vichaka lilipata wageni wachache zaidi. Zipo aina za kisasa za papai zenye ua la jinsia mbili zinazojichavusha, lakini kwa mwenye mipapai ya kienyeji, kichaka kile anachokiona kama uchafu wa mpakani ni sehemu ya shamba lake.

Mzinga hausaidii papai. Jambo hili linastahili kusisitizwa, kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu uchavushaji huishia kwenye nyuki wa asali. Ni mdudu wa thamani. Asali na nta za Tabora zimelisha watu kwa vizazi vingi, na kwa mazao mengi nyuki huyu hufanya kazi kubwa. Lakini dunia ina spishi zaidi ya 20,000 za nyuki, na nyingi haziishi katika kundi, hazina malkia wala asali ya kurina. Jike mmoja huchimba tundu lake ardhini au kutoboa mti mkavu, akaweka chavua humo, akataga, akaziba, akaondoka.

Baadhi ya nyuki hao wapweke wana ustadi ambao nyuki wa asali hana. Ua la biringanya, kama la nyanya, huficha chavua ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani. Ili itoke, mdudu lazima akumbatie vifuko hivyo na kutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, mamia ya mitetemo kwa sekunde, mpaka chavua imwagike tumboni mwake. Anayesimama karibu husikia mlio mkali wa ghafla, tofauti na ule wa kuruka. Nyuki wa asali hawezi kufanya hivyo. Huko Nguruman, kusini mwa Kenya karibu na mpaka wa Tanzania, Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng walichunguza mashamba ya biringanya yanayopakana na msitu wa kando ya mto na nyika. Waliofanya kazi hasa walikuwa nyuki wa porini, akiwemo nyuki-seremala, yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Na kwa kuwa ua la biringanya halina mbochi kabisa, nyuki hao hawawezi kuishi kwa biringanya peke yake. Lazima wapate mbochi kwenye mimea ya mwituni, kisha waje shambani kutafuta chavua. Ukifyeka mwitu wote ili upanue shamba, umefukuza wafanyakazi kwa kuwanyima chakula.

Nyuki-seremala huyohuyo ndiye tegemeo la pasheni ya manjano, ambayo haiwezi kujitungisha na ambayo ua lake ni kubwa mno kwa wadudu wadogo. Mwili wake mpana ndio unaofika juu kwenye chavua anapoinama kunywa mbochi. Majumbani huuawa kwa sababu hutoboa kenchi na nguzo. Shambani, gogo kavu lililoachwa kando lingemtosha.

Urujuani wa Usambara, ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya nyumba nyingi Ulaya na Marekani, lina siri kama ya biringanya. Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka mbegu zake Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1893 mmea ukapewa jina la kisayansi linalotokana na lake. Leo huzalishwa kwa mamilioni kwa kuotesha majani, bila mdudu. Lakini mwituni, kwenye miamba yenye kivuli ya milima ya Tanzania na Kenya, chavua yake ya manjano imefungwa ndani ya vifuko, na hutolewa na nyuki wenye mtetemo. Katika milima ya Taita nyuki hao wameonekana wakiifanya kazi hiyo. Mmea umeizunguka dunia, ila uwezo wake wa kuzaa kwa mbegu porini umebaki mikononi mwa nyuki wa kwao.

Wachavushaji wengine hawana mvuto kabisa. Maua ya mwembe hutembelewa sana na nzi. Maua ya kakao, madogo na yanayochipuka kwenye shina lenyewe, huhudumiwa hasa na usubi, wadudu wasiozidi milimita chache ambao huzaliana kwenye majani yaoozayo na maganda ya kakao yaliyolowa chini ya miti. Kwa mkulima wa Kyela au Bundibugyo, shamba lililofagiliwa hadi udongo ukang'aa linapendeza machoni, lakini limemwondolea usubi mahali pa kuzaliana. Kuna sababu nzuri za kuondoa maganda yenye ugonjwa. Kuondoa kila jani ni jambo jingine.

Usiku una watumishi wake pia. Ua la mbuyu, jeupe, linaloning'inia kwa kikonyo kirefu, hufunguka jua linapozama na kesho yake limenyauka. Harufu yake haimpendezi mtu, ila humwita popo. Popo wala matunda wa Afrika Mashariki hutua juu yake, huzamisha uso katika kishada cha chavua, kisha huruka hadi mbuyu mwingine, safari ambayo mdudu mdogo hawezi. Mbuyu unahitaji chavua ya mbuyu mwingine ili uzae, na mara nyingi mibuyu imesimama mbalimbali. Komba nao wameonekana wakinyonya maua hayo, na kusini mwa Afrika nondo wanaonekana kuchukua nafasi kubwa zaidi ya popo. Mti mmoja, wahudumu tofauti kulingana na mahali.

Popo hana marafiki wengi. Huhusishwa na uchawi, na siku hizi na magonjwa. Kisiwani Pemba yupo popo mkubwa asiyepatikana penginepo duniani, ambaye kwa kuwindwa na kukatiwa miti alipungua hadi, mwishoni mwa miaka ya 1980, ikahofiwa kwamba angetoweka. Wanavijiji walipoanzisha vikundi vya kulinda mahali anapolala, Kidike ikiwa mojawapo, idadi ilipanda tena hadi kufikia takriban 20,000 katika miaka ya 2000. Popo huyu hula matunda na maua, hubeba chavua na hutawanya mbegu kisiwani. Kufaulu kwa wanavijiji hao ni mojawapo ya habari njema kabisa katika uhifadhi wa Zanzibar, na inasikitisha kwamba haizungumzwi inavyostahili.

Hakuna utegemezi uliobana kama wa mkuyu. Kuyu si tunda la kawaida. Ni chungu kilichofungwa chenye mamia ya maua madogo ndani. Nyigu jike mdogo sana hupenya kwa tundu jembamba kiasi kwamba mabawa yake hukatika mlangoni. Ndani huyachavusha maua kwa chavua aliyoibeba katika vifuko maalumu kifuani, hutaga katika baadhi yake, hufa. Watoto wake wa kiume huanguliwa bila mabawa, huwapanda majike, hutoboa njia ya kutokea, nao hufa bila kuliona jua. Majike hujaza vifuko vyao chavua, hutoka kwa njia hiyo na kuruka kutafuta mkuyu mwingine wenye makuyu machanga, wakiwa na muda mfupi tu wa kuishi. Kwa sababu ya mwendo huu kuna mikuyu inayozaa karibu kila mwezi wa mwaka, na hondohondo, nyani, popo na njiwa hupata chakula hata miti mingine inapokuwa mitupu.

Misri ya kale iliupokea mkuyu ikaupenda, ikachonga majeneza kwa mbao zake. Nyigu wake hakufika. Kwa maelfu ya miaka mikuyu ya huko imekuwa ikipandwa kwa vipandikizi tu, na makuyu yake hukatwa kwa kisu yakiwa mtini ili yaive, kwa kuwa hayana mbegu hata moja. Mti upo, kivuli kipo, kizazi hakipo.

Binadamu anaweza kuziba pengo, ila kwa gharama. Wakulima wa Oman na Ghuba wamekwea mtende baada ya mtende kwa karne nyingi, wakiingiza vishada vya maua ya mtende dume ndani ya makole ya mtende jike. Mtende kwa asili ni mti wa upepo, na mkono huongeza uhakika na kuwezesha midume michache kutosha shamba zima. Vanila ni habari nyingine. Ilitolewa Mexico, ikapelekwa kisiwa cha Réunion, ikachanua kwa miaka bila kuzaa. Mwaka 1841 Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, alibuni njia ya kuinua kwa kijiti utando unaotenga sehemu ya kiume na ya kike ya ua, kisha kuzibana kwa kidole gumba. Njia hiyo ilijenga biashara ya Madagascar, na ndiyo inayotumika hadi leo Kagera, Uganda na Zanzibar, ua baada ya ua, kila moja asubuhi yake. Albius alikombolewa mwaka 1848 na alikufa maskini mwaka 1880. Bei ya vanila inaonyesha gharama ya kumweka mtu mahali pa mdudu, na zao la bei ya chini haliwezi kuibeba.

Sababu za kupungua kwa wachavushaji zinajulikana: kufyekwa kwa mwitu, dawa za wadudu, magonjwa na joto linalobadilisha misimu ya maua. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2018 matumizi ya nje ya dawa tatu za kundi la neonikotinoidi baada ya ushahidi dhidi ya dawa hizo kuongezeka. Afrika Mashariki, dawa za kundi hilo zimeendelea kuuzwa, na hapa hasara ingekuwa kubwa zaidi, kwa maana wachavushaji wengi si wa kufugwa. Mzinga ukifa hununuliwa mwingine. Nyuki wa Nguruman au nondo wa Kerio hawauzwi dukani.

Ulaya wao wamepata wa kuuza. Katikati ya miaka ya 1980 Mbelgiji Roland de Jonghe aligundua kwamba nyuki wanene wenye manyoya wa huko, wanaojua kutetemesha maua, wanafaa kwa nyanya za ndani ya vibanda, na biashara ya kuwazalisha ikakua haraka. Chile iliwaingiza mwaka 1998. Walitoroka, wakavuka hadi Argentina, na nyuki mkubwa wa asili wa kusini mwa Amerika Kusini ametoweka katika maeneo mengi waliyofika. Nyuki hao wanene hawapatikani kwa asili Afrika kusini mwa Sahara, na mwenye kibanda cha nyanya Naivasha au Arusha anaweza kushawishika kuwataka. Hana haja ya kuwaingiza. Nyuki-seremala na wale wa milima ya Taita wana mtetemo uleule, wapo tayari, na jinsi ya kuwavuta na kuwatunza karibu na mazao ni utafiti unaoweza kufanywa hapahapa, kwa gogo kavu, udongo usiolimwa na ukanda wa maua ya porini kando ya shamba.